Soli, Mwigizaji Aliyemwonea Wivu Jirani

Ndugu, jamaa, marafiki na wenzake wa jukwaani, asanteni kwa kuja kumsindikiza marehemu. Familia imempa mdogo wake wa kike, huyu aliyesimama mbele yenu, kazi ya kusoma wasifu huu. Si kwamba ana sauti nzuri. Wengine wote walipojaribu kuusoma nyumbani walilia kabla hata ya kufika kwenye masomo. Yeye alimaliza kulia jana, leo ana hasira kidogo, na hasira hukausha macho. Mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Soli, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu lililotazamana na lango la stesheni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alitangulia siku zake kwa zaidi ya mwezi, na mkunga alimkuta ameshafika, yeye mkunga bado anavua koti. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu alikuja kama mtu aliyeacha sufuria motoni kwingine." Bibi mmoja mpangaji akamkumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Mama akamjibu kwamba baraka, kama inamtaka mwanawe, itamkimbilia kwa nyuma.

Baba yao ndiye alikuwa fundi viatu mwenyewe. Viatu vya wateja vilipangwa chini ya benchi, kila jozi na kikaratasi chake. Soli alipokuwa na miaka sita hivi alianza kuvivaa. Vilimpwaya, lakini hilo halikumhusu. Alichotaka ni kutembea kama mwenyewe. Soli ya kiatu iliyolika upande wa nje ilimpa mwendo wa karani wa ghala, na kisigino kilichokwisha kikampa mwendo wa mwalimu mkuu. Siku moja karani wa ghala akaingia kufuata viatu vyake, akasimama mlangoni, akajiona mwenyewe akivuka duka, mfupi, na kaptura.

"Fundi," akasema polepole, "huyo ni mimi?"

Baba akauficha uso wake nyuma ya buti. "Ndiye wewe, mzee. Nisamehe."

"Mbona natembea vibaya hivyo?"

Mtoto mwingine angekimbia. Soli alimsogelea yule karani, akamtazama juu, akamwuliza, "Lakini nimepatia?" Swali hilo ndilo alilokuja kuwauliza watu maisha yake yote, na tangu siku hiyo akaitwa Soli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1968. Cheti chake kipo, na familia inaomba kisiulizwe sana. Hakuwa mjinga. Hakuweza kukaa, basi. Dawati lilimwasha kama upupu. Walimu wote aliweza kuwaiga, kikohozi, miwani na namna ya kushika chaki; aliyemshinda ni yeye mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alimkuta siku moja mbele ya darasa akiwa ni mwalimu wa hesabu. Akamwambia, "Toka nje. Na ukitoka, toka kwa mwendo wako." Soli akafika mlangoni akakwama. Darasa zima lilicheka. Alimsimulia dada yake jioni ile wakipanga misumari ya baba kwenye makopo, na hakuwa anacheka. "Nilisimama pale, mdogo wangu, nikautafuta huo mwendo wangu, sikuuona." Alikuwa na miaka kumi na sita.

Mwaka 1969 aliajiriwa posta, chumba cha kupangia barua, na huko alidumu miaka kumi na moja kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama. Mwaka 1973 akajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa na ukumbi nyuma ya maktaba. Wenzake mliopo hapa mnaujua ukumbi ule. Paa lilivuja juu ya safu ya tano, chumba cha kuvalia kiligawanywa kwa shuka, wanaume huku, wanawake huko, na kioo kimoja kilichopasuka kikazunguka kama kata ya maji. Mwongozaji alikuwa mama mwembamba mwenye sauti nene, na waigizaji wake walikuwa saba tu. Tamthilia nyingi zinataka watu kumi na wawili. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, basi naomba msikilize vizuri.

Mwongozaji hakutaka watazamaji wajue kwamba watu hawatoshi. Kwa hiyo palikuwa na kanuni. Mwigizaji akichukua nafasi mbili, nafasi ya kwanza iliandikwa jina lake kwenye ratiba, na ya pili iliandikwa "Jirani". Ilikuwa siri ya kikundi. Atakayeitoa nje, anatoka nayo. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuinama mara mbili mwisho wa onyesho, Jirani hakutoka kupigiwa makofi hata siku moja. Akiulizwa, mwongozaji alisema, "Jirani? Amewahi gari." Kwa kuwa Soli ndiye aliyeweza kubadilika kuliko wote, karibu kila mara Jirani alikuwa yeye.

Sasa, mjini palikuwa na gazeti, na gazetini palikuwa na mhakiki. Alikuwa kijana mrefu aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kalamu sikioni, na hakupiga makofi hata jengo zima lilipotetemeka. Alichoandika Alhamisi ndicho mji ulichosema hadi Alhamisi nyingine. Juni 1976 kikundi kilionyesha tamthilia ya mahakamani. Soli alikuwa mwendesha mashtaka, joho jeusi, hotuba ndefu ya dakika ishirini. Kisha sehemu ya pili, baada ya mahakama kufungwa, aliingia tena kama mfagizi wa mahakama, mwenye sentensi nne tu. Ratiba ikasema mfagizi ni Jirani.

Alhamisi ile Soli aliamka kabla ya muuza magazeti. Alisoma amesimama barabarani. Maneno yale dada yake anayajua kwa moyo, kwa sababu aliyasikia kwa miaka arobaini na saba: "Soli, katika nafasi ya mwendesha mashtaka, alisimama kama mtu aliyemeza ufito. Lakini Jirani, mfagizi, alipoinama kuokota kitambaa cha mfungwa, ukumbi mzima ulinyamaza, na mimi niliacha kuandika. Ningekuwa mwongozaji, joho ningempa Jirani, na Soli nikampa ufagio."

Alikuja dukani kwa baba akiwa na gazeti mkononi, mdomo wazi.

"Wamenisifu," akasema.

"Hongera," baba akasema.

"Wamenitukana."

"Pole. Sasa ni lipi?"

"Yote mawili, baba! Kwenye aya moja!"

Baba alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Soli hakucheka. Alizunguka lile duka dogo, mlango hadi benchi, benchi hadi mlango, akasema kwamba anamjua Jirani, Jirani si lolote, Jirani alikuwa anafikiria basi la kurudia nyumbani tu wakati anaokota kile kitambaa. Ile hotuba ya dakika ishirini, akasema, aliifanyia kazi miezi mitatu.

Na huo ulikuwa mwanzo. Jirani akawa nyota wa mji. Alikuwa mlevi, akawa mjane, akawa askari, akawa mkwe anayekuja kudai, na kila mara mhakiki alimwona. "Unyenyekevu wa Jirani," aliandika mwaka 1978, "unaonekana hata katika kutotoka kwake kupokea makofi. Soli, ambaye huinama mara tatu, angejifunza." Kwa Soli alikuwa na neno moja la kila siku: wa kutegemewa. "Soli, wa kutegemewa kama kawaida." Soli alilichukia neno hilo kuliko tusi. "Punda ndiye wa kutegemewa," alisema. "Ngazi ndiyo ya kutegemewa. Mimi ni ngazi?"

Mtauliza kwa nini hakusema. Dada yake alimwuliza mara nyingi. Kwanza, kanuni ilikuwa kanuni, na alimheshimu mwongozaji kama mama. Lakini mwongozaji alipofariki na kanuni ikalegea, bado hakusema, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba ni hofu. "Nikijitangaza," alisema, "atasema moja kati ya mawili. Atasema, ah, kumbe ni Soli, basi Jirani naye hakuwa kitu. Au atasema, ah, kumbe ni Jirani, basi yule mwendesha mashtaka alikuwa mzuri. Yote mawili yatakuwa ya uongo. Na mimi nataka kujua, dada. Nataka kujua tu kama nimepatia." Hilo ndilo jambo lililokaa kifuani mwake. Hakutaka gari, hakutaka picha ukutani. Alitaka mtu anayejua kazi amtazame yeye, akijua kuwa ni yeye, amwambie kweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kwenye ratiba.

Tarehe 12 Januari 1980 alimwoa mkata tiketi wa ukumbi ule, na ni mke wake huyu hapa mbele, wifi wa anayesoma. Uchumba wao ulianzia kwenye kidirisha cha tiketi. Soli alikuja amevaa ndevu na kanzu ya nafasi yake ya jioni, akaomba tiketi kwa sauti ya mzee wa miaka themanini. Mkata tiketi hakuinua hata kichwa. "Soli, toka kwenye foleni, watu wanangoja."

"Umenijuaje?"

"Unashika ukingo wa dirisha kama mtu anayetaka kukimbia."

Alikasirika siku nzima, kisha akaenda kumposa. Alhamisi ya kwanza baada ya harusi bibi harusi aliamka peke yake. Alimkuta kwa muuza magazeti, na viatu visivyofanana, anasoma. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike mwaka 1983, ambaye leo ni daktari wa meno, na anayesoma anamshukuru Mungu kwamba hakuna anayeandika uhakiki wa meno.

Sinema ilimfikia mwaka 1989. Mtengeneza filamu alikuja ukumbini akitafuta mtu wa kuigiza mzee wa mlangoni, nafasi kubwa, na alimtaka Jirani kwa jina. Waigizaji wakatazamana. Mmoja akasema Jirani amesafiri, lakini yupo Soli, ambaye ni wa kutegemewa. Soli akaichukua, na akadai jina lake liandikwe, la kwake, herufi kubwa. Alipungua mwili kwa ajili ya nafasi ile. Alijifunza kufungua komeo kwa mkono wa kushoto. Filamu ikatoka, mji ukaenda, watu wakalia. Alhamisi mhakiki akaandika: "Soli amejitahidi sana kumwiga Jirani. Kuna mahali anakaribia."

Ndugu zangu, mtu kuambiwa anajiiga mwenyewe na hata hivyo hajafika! Soli aliondoka nyumbani na ndala, akaenda moja kwa moja hadi jengo la gazeti. Alikuwa ameamua kusema yote. Akaanza kupanda ngazi, na katikati ya ngazi akakutana na mhakiki akishuka na chai yake.

"Habari, Soli," mhakiki akasema. "Msalimie Jirani." Akapita.

Soli aligeuka akarudi nyumbani. Mwezi ule walihama nyumba, kwa kuwa alisema dari ilikuwa chini mno na haimpi hewa. Mwaka uliofuata wakahama tena. Alikula amesimama. Katikati ya mazungumzo aliinuka akabadilisha shati. Mke wake akavumilia, akavumilia, kisha akabeba mtoto akaenda kwa mama yake. Kikaitwa kikao cha familia, na yeye akasema mbele ya wakwe, kwa adabu zote, "Wazee wangu, mimi niliolewa na mtu mmoja. Sasa nyumba ina wanne. Mimi, mtoto, yeye, na huyo Jirani. Na Jirani ndiye anayekula kuliko wote." Soli aliahidi kwamba gazeti halitaingia tena ndani ya nyumba. Mkewe akarudi, naye akatimiza ahadi. Akawa anakwenda kulisoma kwa kinyozi, hadi kinyozi akamwambia, "Mzee, nywele zimekwisha. Nikikunyoa tena nitachonga."

Isidhaniwe kwamba alishindwa. Alifanya filamu kumi na nne na michezo ya televisheni isiyo na hesabu. Alikuwa hakimu, mwizi wa baiskeli, waziri, dobi, baba mkwe, mganga wa uongo na maiti mara mbili. Ya pili ilibidi irudiwe, kwa kuwa maiti alikuwa akitikisa mguu. Wahakiki wengine, wa miji mingine, walimsifu kwa namna ile ile, kwamba hawakumtambua. "Hadi jina lilipopita mwishoni sikujua ni yeye." Watu walimpongeza. Yeye alikuja nyumbani na sifa hizo kama mtu aliyepewa noti ya kigeni, asijue thamani yake. "Wanasema hawakuniona," alimwambia mkewe. "Sasa wamemsifu nani?"

Ukumbi ulifungwa mwaka 1998, na Jirani akafa nao. Au ndivyo tulivyodhani. Mwaka 2012 mhakiki alistaafu, na katika makala yake ya kuaga akataja waigizaji watano bora aliowahi kuwaona. Wa kwanza alikuwa Jirani. Soli hakuwamo hata kwa kutegemewa. Binti yake alimpigia simu shangazi yake. "Shangazi, njoo. Baba anapanga viatu vya nyumba nzima sebuleni, hasemi." Alikuwa na miaka sitini na moja.

Mwaka 2020 figo zake zilianza kugoma. Kuanzia Mei 2021 akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila safari ni saa nne kwenye kiti, mkono umefungwa kwenye mashine. Kwa mtu mwingine ni ugonjwa. Kwa Soli ilikuwa ni kifungo. Hakuwa amewahi kukaa saa nne mahali pamoja tangu tumboni, na hata huko mliona alivyotoka mapema. Aliwasumbua wauguzi, Mungu awalipe. Alitembeza miguu akiwa amekaa. Alimwiga daktari mkuu hadi mgonjwa wa kiti cha pili akaomba asichekeshwe, mshono utaachia.

Februari mwaka huu, 2023, adhuhuri moja, mlango wa wodi ulifunguka akaingia mzee mrefu na fimbo, mfuko wa machungwa mkononi. Mke na dada walikuwepo. Dada yake alimtambua kabla hajafika katikati ya chumba, akasimama kumzuia, na anakiri kwamba hakusimama kwa heshima.

"Mwache," Soli akasema. "Mwache aje. Leo siwezi kukimbia."

Mhakiki akakaa. Wakatazamana, wazee wawili, mmoja amefungwa.

"Pole, Soli."

"Nimeshapoa. Nina neno na wewe, na nikilikawiza nitakufa nalo." Akavuta pumzi. "Jirani ni mimi."

Mhakiki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Najua tangu mfagizi."

"Tangu *mfagizi*?" Soli alijirusha, mashine ikapiga kelele, muuguzi akaja mbio. "Mzee! Mkono, mkono! Sindano itachomoka!" Walimtuliza. Macho yake hayakumwacha yule mzee. "Tangu mfagizi. Kwa nini?"

"Ulikuwa utani," mhakiki akasema. "Niliona mna kanuni yenu, nikasema nami nicheze. Nikadhani unajua kwamba najua. Nikadhani kila Alhamisi unacheka. Pale kwenye ngazi nilikwambia umsalimie, hukumbuki? Nilikwenda kucheka ofisini peke yangu hadi chai ikamwagika. Na ule mwaka wa kustaafu nilikuweka wa kwanza, Soli. Wa kwanza! Nikangoja unipigie simu."

Hapo anayesoma alishindwa kuvumilia. "Utani gani wa miaka arobaini na saba? Mtu huyu hakulala! Mkewe alirudi kwao! Amehama nyumba sita!"

Mzee yule akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Dada, sikujua. Naapa sikujua. Na si utani tu, niseme kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliona kila nikimsifu Jirani, Soli anakuja na kitu kipya. Nikaogopa kukigusa. Lakini kwamba kilimchoma, hilo sikuliona, na kazi yangu ilikuwa kuona."

Mashine ilikuwa inazunguka. Kisha Soli akauliza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake alikuwa hajaisikia tangu siku za misumari na makopo.

"Sasa niambie bila utani. Mwendesha mashtaka. Alikuwa mbaya kweli, au uliandika hivyo ili utani ukamilike?"

Mke wake alifumba macho. Anayesoma alikuwa anamwomba yule mzee kwa macho, danganya, danganya, mtu anaumwa, itakugharimu nini?

"Alikuwa mbaya," mhakiki akasema.

"Mbaya vipi?"

"Ulikuwa unasema maneno huku unajisikiliza. Dakika ishirini, Soli, unajisikiliza. Mfagizi hakuwa na nafasi ya kujisikiliza. Alikuwa na sakafu ya kufagia."

"Na mzee wa mlangoni?"

"Nusu ya kwanza ulimwiga Jirani, kama nilivyoandika. Nusu ya pili ukasahau. Pale unapofungua komeo na mtoto hayupo nje, sijaona kitu kama kile popote. Hilo sikuliandika kwa sababu lingevunja utani. Hapo nilikukosea, na ndiyo sababu nimekuja na machungwa kama mjinga."

"Na mfagizi?"

"Mfagizi hajapata kutokea mwingine."

"Wa Jirani?"

"Wako. Nilikuwa nakutazama wewe."

Tulidhani Soli atalipuka. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na tukaona anacheka, cheko la chini, la tumboni, kama la baba. "Ningejua," akasema. "Ningejua tangu zamani kwamba yule mwendesha mashtaka alikuwa mbaya! Ungeniambia ni mzuri, mzee, nisingeamini hata hili la mfagizi." Akaegemeza kichwa. Akamwambia mkewe amvue soksi, joto. Kisha akalala. Mchana, kwenye kiti, mkono kwenye mashine, mguu hautikisiki. Muuguzi alikuja kumpima mapigo ya moyo mara mbili kwa wasiwasi, akauliza amepewa dawa gani. Katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu mke wake alikuwa hajamwona akilala mchana.

Baada ya siku ile alilala kila siku. Hakuuliza gazeti. Mhakiki alikuja mara nne zaidi, wakabishana juu ya filamu za zamani, na anayesoma alimwandalia chai, ingawa hakumtilia sukari ya kutosha. Tarehe 2 Machi 2023, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, katika chumba kinachopata jua, Soli alilala kama alivyozoea sasa. Mkewe alikuwa pale pale anakunja nguo. Alimaliza kuzikunja ndipo akajua. Alikuwa amebakiza wiki moja kufikisha miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao wote hawawezi kukaa kitini, na dada mmoja. Ameacha pia mhakiki mmoja, aliyekaa kiti cha mwisho kule nyuma. Msimgeukie. Amekuja kwa mwaliko wa familia, na familia ilichukua siku mbili kukubaliana.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya hapa watasimama watu wengi kumzungumzia. Wafiwa wanawaomba jambo moja. Tunajua mtu akifa hupambwa. Leo msimpambe. Hakuwa mpole, hakuwa mvumilivu, na maiti aliigiza vibaya. Semeni mlichokiona. Alichokiweza kisemeni kwa sauti, na asichokiweza kisemeni kwa sauti ile ile, kwa maana kaka yetu hakuweza kulala hadi alipoambiwa kweli.

Sasa amelala. Tusimwamshe kwa sifa za uongo. Apumzike, Soli wetu, apumzike.